Kalipa na Mbwa Asiye na Mwenyewe

Kalipa ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na nikisema namjua sibahatishi. Anashona mazulia ya sufu, yale mazito yenye mapambo ya pembe za kondoo. Mwenye kuidharau kazi hiyo achukue sindano nene aipenyeze kwenye sufu iliyoshindiliwa, avute uzi mpaka ukaze, na afanye hivyo majira yote ya baridi. Tuone kama atabaki na mdomo wa kudharau. Mkono wa kulia wa Kalipa ulikuwa na nguvu kuliko wa marehemu mumewe, na mumewe alikuwa mtu wa kufundisha farasi wakorofi. Alipoachwa mjane, mkono huo ndio uliomlea binti yake, ukamsomesha, ukaezeka nyumba bati jipya. Akishona huimba, tena vibaya. Mimi hugonga ukuta anyamaze, naye huongeza sauti.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeng'atwa na mbwa wa Temirkul.

Temirkul ana kondoo wengi kuliko mtu yeyote kijijini kwetu. Isitoshe, kondoo wetu sisi wengine hupanda naye milimani kila kiangazi, chini ya wachungaji wake, na kurudi vuli. Ndiyo maana watu humchekea hata akisema jambo lisilochekesha. Alikuwa rafiki wa mume wa Kalipa, na yeye na Kalipa wakaitana shemeji miaka yote.

Kwetu huingii uani kwa mtu bila kupaza sauti, "Shikeni mbwa!" Mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Lakini siku ile Kalipa hakuwa anaingia kwa mtu. Alikuwa barabarani, ametoka dukani na rangi zake za kutia sufu, mimi nikiwa nyuma yake kidogo na ndama mmoja mkaidi. Mifugo ilikuwa imeshuka milimani juzi yake. Lango la Temirkul lilikuwa wazi, na mbwa wake, Aktosh, akatoka bila hata kubweka. Ni dume la mbwa mchungaji, kichwa kama ndoo, kifua cheupe. Kalipa akainua mkono kukinga uso, na mbwa akaushika mkono.

Sonunbu, mke wa Temirkul, ndiye aliyetoka mbio na koleo la majivu akampiga Aktosh huku akimwita kwa jina mpaka akaachia. Alikuwa analia kuliko aliyeumwa. Tulimwosha Kalipa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, tena kwa muda mrefu. Bibi mmoja akaja na kipande cha sufu akitaka kukichoma atie majivu yake kidondani, kama walivyofanya wazee wetu. Kalipa, uso mweupe kama chokaa, akamwambia, "Sufu nimeishona maisha yangu yote, bibi. Leo sitaki inishone yenyewe."

Hospitalini mjini Naryn walimdunga sindano za kichaa cha mbwa, wakafunga kidonda, na daktari akasema lililo baya. Mishipa inayokunja na kukunjua vidole ilikuwa imekatika. Upasuaji wake unafanyika Bishkek, mji mkuu, na usichelewe, kwa sababu vidole vikishakakamaa havirudi. Kalipa hakuwa na pesa za upasuaji huo. Wala asingezipata, maana mkono wa kuzitafuta ndio ulioumia.

Akaenda kwa Temirkul. Hakuenda kwa shari, alienda kama mtu anavyokwenda kwa shemeji yake. Temirkul akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yule mbwa si wake. Alifuatana na kondoo kutoka milimani, alisema. Alikula kwake, ndiyo, hata kunguru wanakula kwake. Daktari wa mifugo alipokuja kutaka mbwa afungwe aangaliwe kama ana kichaa, Temirkul akamfunga kwenye mnyororo uani mwake, kwenye kibanda kilichokuwepo tangu Aktosh akiwa mdogo, akatangaza kwamba anajitolea kwa ajili ya kijiji. Mbwa hakuwa na kichaa. Mnyororo ukabaki palepale, na mbwa akaendelea kuhesabiwa pamoja na kunguru.

Kijiji kizima kilijua. Na kijiji kizima kikapatwa na ugonjwa wa kusahau. Mmoja alisema mbwa wote wa milimani wanafanana. Mwingine alimshauri Kalipa aachie Mungu, kwa sababu kumshitaki jirani ni aibu. Nilimuuliza huyo, kumkana jirani ni nini? Akaniambia nina ulimi mbaya. Ninao, na sijawahi kuufunga mnyororo.

Kalipa akapiga moyo konde akaenda mjini kwa wakili wa serikali, yule asiyelipisha watu wasio na kitu. Alikuwa binti mdogo, jina lake Perizat, mafua yake hayaishi. Akamweleza kwamba anayefuga mnyama ndiye anayejibu madhara yake, awe amekusudia au hakukusudia. Aliyeumizwa anadai gharama za matibabu, nauli, kazi iliyopotea, hata maumivu yenyewe yana haki yake. Akamtaka alete cheti cha daktari, risiti, koti lililoraruka, picha za jeraha, na mtu aliyeona. Mtu aliyeona nilikuwa mimi. Mwisho akamwonya: asikubali kutia saini karatasi yoyote ya Temirkul. Kuhusu kula, hakumwonya.

Siku chache kabla ya kesi, Temirkul akatuma mwito tukae tuzungumze kama binadamu. Tulienda wawili. Tukakuta dastarkhan, kitambaa cha kulia chakula, imetandikwa, imejaa siagi, jamu na nyama, na wazee wawili wameshaketi mahali pa heshima. Temirkul alimpaka Kalipa mafuta kwa mgongo wa chupa, akamkumbusha marehemu, akamkumbusha harusi yao. Kisha akasema yuko tayari kumpa paja la farasi na magunia ya viazi, kama jirani tu, sio kama mwenye mbwa. Kalipa akamuuliza kama paja la farasi linaweza kushika sindano. Akasimama, nami nikasimama.

Mlangoni Sonunbu akatukinga. Alikuwa ameshika mkate kwa mikono miwili, macho mekundu.

"Dada, onja mkate," akasema. "Usitoke kwangu hivihivi."

Msomaji wa mbali anaweza kusema angekataa. Kwetu hatoki mtu nyumbani kwa mtu bila kugusa mkate, hata kama ana haraka, hata kama wamekasirikiana. Kumkatalia mwanamke mkate alioushika ni kumlaani yeye na watoto wake, na Sonunbu hakuwa amemkosea mtu. Kalipa akamega kipande kwa mkono wa kushoto, akala. Nami nikala.

Kesho yake habari ilikuwa imeshafika mpaka kijiji cha pili. Kalipa amesamehe. Ameonja mkate wa Temirkul mbele ya wazee. Nilipowaambia watu kwamba hata mimi nilionja, na sijamsamehe mtu, wakacheka.

Mahakamani Temirkul alikuja amevaa kofia mpya. Alimwambia hakimu kwamba wao ni watu wa mila na jambo lao limekwisha kimila. Wazee wawili wakasimama mmoja baada ya mwingine, wakathibitisha: mama huyu alionja mkate, kwa hiari, mbele ya macho yao. Hakimu alikuwa mama mtu mzima, mwenzetu, anajua uzito wa mkate. Akamgeukia Kalipa akamuuliza kama ni kweli. Kalipa akajibu ni kweli. Perizat akavuta kamasi, akaanza kufungua kitabu chake cha sheria haraka haraka, nami nikaona upasuaji wa Bishkek unatuponyoka hivihivi kwa ajili ya kipande cha mkate. Niliwakasirikia wote, hata Kalipa. Nilimkasirikia kwa kuwa na adabu.

Kalipa akaomba ruhusa ya kumuuliza Temirkul neno. Hakimu akampa.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ileile ya kuitana mtu chai. "Mimi ni mjane, nasahau. Hebu nikumbushe. Nimekusamehe kitu gani?"

Temirkul akatazama wazee. "Si ndiyo hayo ya mkono."

"Mkono umefanya nini?"

"Umeumwa na mbwa, shemeji. Unataka nini tena?"

"Mbwa wa nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na Temirkul alikuwa amefika mwisho wake. Akisema si wake, basi hakuna aliyesamehewa, na mkate ulikuwa mkate tu. Akisema nimesamehewa, basi mbwa amepata mwenyewe. Nilimwona akitafuta mlango wa tatu. Mzee mmoja kati ya wale wawili akaanza kuchunguza vifungo vya koti lake.

Sauti ikatoka nyuma, kwenye viti vya wasikilizaji.

"Ni wetu," alisema Sonunbu. Alikuwa amesimama, ameshika ncha za kitambaa chake cha kichwani. "Nimemlea tangu hajafungua macho. Na mkate niliutoa mimi, kwa moyo wangu. Sikuutoa uje kusema uongo huku."

Temirkul hakugeuka kumtazama. Hakimu akamuuliza yeye mwenyewe, kwa mara ya mwisho, na safari hii akajibu kwa kutikisa kichwa kwamba ndiyo. Hakimu akataka alitamke. Akalitamka.

Akaamriwa kulipa fidia ya matibabu yote pamoja na upasuaji, nauli, na kazi ya majira yale ya baridi. Aliuza farasi jike akalipa, na alilipa upesi, hilo nalo niliseme, kwa sababu haki ni ya kila mtu. Sonunbu alirudi kwa ndugu zake kwa muda, kisha akarejea. Hajaniambia waliongea nini, nami, amini usiamini, sijamuuliza.

Bishkek daktari alisema tumechelewa kidogo, lakini si sana. Alimpasua, akamfunga, akamfundisha mazoezi ya kubana mpira ambayo Kalipa aliyafanya huku akimtukana huo mpira. Vidole vitatu vilirudi. Kidole cha mwisho kimebaki kimejikunja na hakitakunjuka tena. Siku ya kwanza aliposhika sindano nilimsikia upande wa pili wa ukuta ananyamaza kwa muda mrefu, nikaogopa. Nikaenda. Nikamkuta amevuta uzi mmoja tu, amekaa anautazama, machozi yanamtiririka. Nilikaa naye tukalia, maana kulia peke yako ni kazi ngumu.

Majira ya kuchipua, kabla mifugo haijapanda, Temirkul alikuja. Hakuingia. Alisimama langoni na bunduki begani, mimi nikiwa pale namshikia Kalipa sufu. Alisema watu wanamwambia mbwa aliyezoea kuuma binadamu hafugiki. Akasema amekuja kumuuliza yeye aliyeumwa. Akitaka, atampeleka Aktosh nyuma ya kilima sasa hivi, jambo liishe.

Kalipa aliendelea kunyoosha sufu kwa vile vidole vyake.

"Mfunge mnyororo imara, shemeji, na umchanje. Usimuue," akasema. "Yeye aliniuma. Hakunikana."

Temirkul akavua kofia. Kisha akasema nisamehe, lakini kwa sauti ndogo, kwenye kofia yake.

"Rudia, shemeji," Kalipa akamwambia. "Jirani yangu hajasikia."

Nilikuwa nimesikia vizuri sana. Nikakaa kimya, mpaka akarudia.