Betri Niliyoishtua Mimi

Mwanangu, kaa vizuri nikueleze habari ya siku moja ambayo nimeificha miaka mingi kwa aibu. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, mke wa mtu, nina mtoto mchanga, na akili ninazo. Basi tu, kiburi.

Nimeolewa Kariakoo, nyumba ya ghorofa moja. Juu tunaishi, chini duka la baba mkwe wangu, Mzee Seif. Mzee alikuwa fundi wa saa, na saa zilipokosa wateja akahamia kwenye magari ya rimoti. Siyo yale ya watoto ya sebuleni, haya ni ya mashindano, yanatumia zile betri bapa za lithiamu, laini ukizibonyeza. Alinifundisha mimi mkwewe kuyatengeneza, kwa sababu wanawe wa kuzaa hawakuwa na hamu. Jumapili asubuhi tunakwenda Mnazi Mmoja kushindana na wenzetu, mimi na baibui langu na rimoti mkononi, wapita njia wanasimama kushangaa. Mume wangu Nassor hakupenda hata kidogo. Mzee ndiye aliyenitetea: "Mwache. Huyu ana mkono kuliko wewe."

Sharti lake lilikuwa moja. Gari likianza kulegea, simamisha, toa betri. Betri hizi zikinyonywa mpaka chini kabisa zinaharibika ndani, na ukija kuzichaji zinaweza kushika moto. Ndani ya gari kulikuwa na kifaa kinachokata umeme betri ikikaribia kuisha, na Jumapili hiyo nilikizima. Nilikuwa naongoza, mwanangu, imebaki mizunguko miwili, na kuna kijana mmoja wa Upanga ananicheka tangu asubuhi. Nikashinda. Weee, nilipigiwa makofi hayo! Gari lilivuka mstari linajikokota, nami nikarudi nyumbani kichwa juu.

Jumatatu asubuhi chaja ikaikataa ile betri. Taa nyekundu, inalia. Hapo betri imeshuka kupita kiasi, ni ya kutupa. Lakini nikiitupa itabidi niseme kwa nini, na Nassor atapata la kunizuilia. Nikafanya ujanja wa mafundi wa uchochoroni: nikaipanga chaja kana kwamba hii ni betri ya aina ile ya zamani, ambayo chaja haiikagui kwanza, ikaingiza umeme bila kuuliza. Baada ya dakika chache nikairudisha kwenye mpango wake, ikakubali. Hiyo ndiyo tunayoita kuishtua betri. Ilikuwa imetuna kidogo ubavuni, nikaizungushia tepu nyeusi kuficha uvimbe, nikaichomoa kabla haijajaa nisije nikakutwa.

Mzee akashuka. "Shikamoo, Baba." "Marahaba, mwanangu." Akaishika ile betri.

"Hii jana haikushuka sana?"

"Haikushuka, Baba."

"Umeipima?"

"Nimeipima."

Uongo mkavu, tena namtazama usoni. Akaamini, akaiunganisha na chaja imalizie kujaa. Mimi nikachukua kikapu nikaenda Feri kununua samaki wa mchana.

Niliporudi mtaa umejaa watu na moshi unatoka dukani. Betri ilikuwa imelipuka moto mezani. Mzee badala ya kukimbia aliikamata kwa mkono mtupu akaitupa barabarani, kwa sababu ngazi ya kutoka juu inapita dukani, na juu alikuwapo mama mkwe na binti yangu Rahma, amelala. Vidole vya mkono wa kulia viliungua vibaya sana. Nilimkuta amekaa kizingitini, mkono kwenye ndoo ya maji, ananibembeleza mimi: "Mtoto yuko salama. Usilie."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Hospitali wanawe walimuuliza imekuwaje, akafikiri, akajibu, "Nadhani chaja nimeikosea. Nimeipangia betri nyingine. Wallahi sikumbuki." Nassor akamwambia, "Baba, ni umri huo. Sasa pumzika." Wakafungasha vifaa vyake wakampa fundi mwingine. Mimi nimesimama pale pale, nimeshika chupa ya chai.

Vidole vilipona kiasi, lakini mzee wa watu aliacha kujiamini. Akifunga mlango anarudi kuutikisa mara tatu. Ananiuliza, "Hivi nimeshaswali adhuhuri?" Na alikuwa mzima wa akili kuliko sisi sote! Miaka miwili niliishi na jambo hilo, napika, nafua, nacheka na wageni. Siku moja Rahma alimnyooshea mikono ambebe, Mzee akarudi nyuma. "Mchukue, mwanangu. Nitakuja kumsahau mahali."

Nilishindwa kuvumilia. Nilipiga magoti nikamwambia kwamba betri ile niliishtua mimi, sikuipima, nilimdanganya.

Nilijua atanifukuza. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo chaja niliiweka sawasawa?"

"Uliiweka sawasawa, Baba."

Akalia. Yule ambaye hospitali hakutoa chozi, alilia mpaka mabega yakatikisika. "Mkono ningekusamehe siku ile ile," alisema. "Lakini miaka miwili unaniona najiona mwendawazimu, na jibu unalo wewe. Ulikuwa unawezaje kunitazama, Salma?"

Hata hivyo alinisamehe, nami nikawaambia wanawe wote mbele yake. Wakamrudishia vifaa, lakini vidole vilikwishakakamaa, bisibisi inamdondoka. Alifariki mwaka uliofuata bila kutengeneza tena hata saa moja.

Basi mwanangu, betri iliyoshuka kupita kiasi usiishtue, hata ujione fundi namna gani. Chaja ikiikataa, kubali imekufa, iweke mbali na watu na vitu vya kuungua. Ukiulizwa umeipima na hujapima, sema hujapima, hata kama uso utawaka kwa aibu. Mimi aibu ya dakika moja niliikimbia, nikamwachia Mzee aibebe yeye. Na kama umekosea na kuna mtu anajilaumu kwa kosa lako, inuka sasa hivi uende ukamwambie, maana itafika siku kuijua kweli hakutamfaa kitu tena. Mwenyezi Mungu akupe ujasiri wa kusema kweli mapema, na akujaalie wazee wako waondoke duniani bila kukudai neno lolote. Amin.