Kiganja Juu ya Tundu la Mafuta

Harufu ya mafuta ya injini yaliyoungua bado inanitia kichefuchefu. Uani kwetu, mtaani Katuba, kiangazi nilipokuwa na miaka kumi, ilikaa katika nguo, katika bukari, ugali wetu tuliokula, hata katika nywele zangu. Baba alikuwa fundi wa magari makuukuu. Viganja vyake vilikuwa vimekufa kwa kuungua, havihisi kitu, basi alitumia changu. Injini ikinguruma, alifungua kifuniko cha kumwagia mafuta na kuniamuru niweke kiganja juu ya tundu. Pumzi ikinipiga kwa vishindo, ujue segma, zile pete za pistoni, zimekwisha, na moshi unavuja kwenda chini. Kisha aling'oa waya za bujia, zile plagi za kuwashia, mojamoja. Pale pumzi ilipotulia, ndipo palipo na ugonjwa. Nikikosea, kofi. Nilikosea mara chache, na mtaa mzima ukajua kwamba mkono wa binti wa fundi hausemi uongo. Nilijivuna, mjinga mimi.

Kiangazi hicho baba aliamua kuuza gari lake mwenyewe, lililofuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Alimimina mafuta mazito. Moshi ukapungua, pumzi haikupungua. Mnunuzi alikuwa jirani tuliyemwita tonton, yaani mjomba, Mulumba, mpole hata kwa mbwa wetu. Alitaka kumleta mama yake mgonjwa kutoka Kasomeno, aje hospitali mjini. Kabla hajafika, baba aliniinamia sikioni: "Akikuuliza, sema hakuna. Umesikia?"

Kweli, tonton hakumwuliza baba, aliniuliza mimi. "Mwana, moshi iko?" Niliweka kiganja. Pumzi ilinisukuma, mafuta ya moto yakanirukia mkononi. Nilimtazama baba, nikaogopa. "Hapana, tonton. Motere iko muzuri." Akanipapasa kichwa, akamlipa baba.

Injini ilikufa wakati wa kurudi kutoka Kasomeno, mahali pasipo na nyumba. Mama yake tonton alikata roho kwenye kiti cha nyuma, wakingoja lori. Baada ya mazishi tonton alikuja uani. Baba aliendelea kufuta spana zake. "Uliuliza miye? Uliuliza mutoto." Tonton alinishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kwa muda mrefu. Nilitamani anipige. Akauachia, akaenda zake, na hakunisalimu tena mpaka alipohama.

Siku hizi mafundi wa hapa mjini wana vipimo vyao, hawahitaji mkono wa mtoto. Baba amezeeka, anaishi kwangu. Namwosha, namlisha, na sijamsamehe. Mapafu yake yamekwisha. Daktari aliniambia mimi, baba mwenyewe hajui. Juzi, baada ya kukohoa, alinishika mkono akauweka kifuani pake, kama zamani. Chini ya kiganja changu pumzi iligonga, ikakatika, ikagonga tena.

"Sikiliza, mwana. Iko namna gani?"

"Iko muzuri, baba," nikamwambia. Akaniamini.