Simu Aliyoikataa Mama Zaituni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyokemewa kwa sababu ya tochi. Nakueleza leo kwa kuwa umekuja umenuna, ukisema umetengeneza programu nzuri ya simu na watu wa Kawangware hawaitaki. Kaa kwanza. Chai ipo.

Wakati huo ujana ulikuwa bado haujanitoka. Nilikuwa nimetoka Machakos, nikiuza simu juu ya meza pale mtaani Makina, karibu na msikiti, na mdomo wangu ulikuwa mkubwa kuliko biashara yenyewe. Jirani yangu alikuwa Mama Zaituni, mzaliwa wa Makina, aliyeuza mahamri. Kila siku nilimsifia simu: ina redio, ina tochi, ina saa ya kukuamsha. Alicheka tu. Kwake salamu lazima iwe na miguu. Kila Jumapili alifunga mahamri kwenye kitambaa, akatembea mpaka Kabiro, kule Kawangware, kumjulia hali binti yake Mwanaidi. Kumsalimia mtu kwa simu, alisema, ni kama kumtupia chakula dirishani. Mimi nikajisemea huo ni woga wa wazee. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mimi kizuri nilikuwa nacho, na bado nilikitembeza mchana kutwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwishoni mwa mwaka elfu mbili na saba. Yaliyofuata unayajua kwa kusimuliwa. Usiombe kuyajua kwa macho. Maduka yalifungwa, vijana wakaziba njia kwa matairi yanayofuka moshi, na mtu aliulizwa jina la baba yake, kabila lijulikane, kabla ya kuruhusiwa kupita. Jumapili ile Mama Zaituni alifika Ayany, bado yuko njiani na mahamri yake, akarudishwa. Mwanaidi alikuwa mja mzito, karibu kujifungua, mumewe yuko safarini, naye amepanga chumba kwenye ploti ya mama mmoja ambaye, kwa hesabu za wendawazimu wa siku zile, alipaswa kuwa adui yetu.

Kesho yake Mama Zaituni alikuja kwangu. Meza sikuwa nimeitoa. Simu zangu nilikuwa nimezificha chini ya kitanda. Aliketi mlangoni, akaniomba nimfundishe simu. Mwanangu, nilifurahi kama mjinga. Nikachukua moja nzuri, nikaanzia pale nilipozoea: hapa redio, hapa tochi. Akanishika mkono.

“Mutua, mimi silii giza. Namlilia mtoto. Nipigie Kabiro.”

Nikamwuliza namba, nikidhani hana. Akafumba macho, akaitaja yote bila kukwama, kama mtu anayesali. Ilikuwa namba ya yule mama mwenye ploti. Mwanaidi alimkaririsha alipohamia kule, na muda wote niliokuwa nikimhubiria, alikuwa nayo kichwani. Niliona haya.

Shida ikawa salio. Kadi za kukwaruza zilikuwa zimeadimika. Nikakumbuka kwamba mtu anaweza kumtumia mwenzake salio kutoka simu hadi simu, jambo nililowaeleza wateja mara nyingi wakapiga miayo. Kwa salio la mwisho nikamflashi kaka yangu Machakos, ikaita mara moja nikakata. Akapiga, nikamweleza, akanitumia. Basi nikapiga Kabiro. Simu iliita na kuita, Mama Zaituni akikunja na kukunjua pindo la leso. Mwenye ploti alipopokea nikajitambulisha na kumtaja Mama Zaituni, na kabla sijamaliza akanikatiza.

“Mwambie mama yake, huyu msichana yuko kwa nyumba yangu, analala kwa kitanda yangu. Mtu akitaka kumtoa, atanitoa mimi kwanza.”

Kisha ikaja sauti ya Mwanaidi. Mama yake aliishika simu kwa mikono miwili, akasema neno moja tu, “Mwanangu,” tena na tena, akalia. Na mimi nililia, sioni haya kukwambia.

Kufikia jioni wanawake wa Makina walijaa mlangoni. Wale waliopiga miayo walijifunza kutumiana salio papo hapo, hata wasiojua kusoma. Hakuna aliyeuliza redio. Kila mmoja alikuja na jina la mtu.

Njia zilipofunguka, Mama Zaituni alitembea mpaka Kabiro kumwona mjukuu, akambebea mwenye ploti mahamri yake. Nilimtania kwamba sasa ana simu, atembee ya nini. Akanijibu kwamba simu ni ya kumwambia yeye kama njia iko salama. Salamu bado ina miguu.

Basi nakuusia hivi. Watu hawapokei kitu kipya kwa kuwa ni kipya, wala hawakikatai kwa kuwa ni wajinga. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kabla hujamwonyesha mtu vibonyezo, muulize anamlilia nani. Kama programu yako haimfikishi kwa huyo, usimwite mshamba, rudi ukaitengeneze upya. Wala usijivunie sana kilicho mkononi mwako. Simu yangu ilifaa siku ile kwa sababu upande wa pili palikuwa na mwanamke mwenye utu. Bila yeye ningekuwa nimemuuzia mama wa watu tochi.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie watu ambao namba zao hutazisahau, na siku ya moshi ukiwapigia, wapokee.