Fundi wa Malaba na Baiskeli Moja

Kilichomvutia Rita kwanza ni masikio ya fundi: alizungusha gurudumu, akafumba macho na kulisikiliza kama mtu anayepewa umbea. Kila baiskeli aliifanyia hivyo. Rita alitaka kununua moja tu ya kazi mbili: Jumamosi ashindane na saa kwenye mbio za mtu mmoja mmoja, Jumapili aende Port Victoria na wenzake.

"Chukua hii ya barabara, dada. Ile ya mashindano itakuangusha kwenye kona."

"Na Jumamosi nitalalia nini, boss? Ile ina vyuma vya kuegemeza viwiko."

Fundi alicheka, akafungua vishikio viwili vya abiria kwenye baiskeli yake kuukuu ya boda, akavifunga kwenye usukani wa ile ya barabara. Rita akaipanda, akainama, viwiko vikatulia juu ya vishikio sawasawa.

"Sasa abiria wangu watashika nini?" fundi akauliza.

"Kiuno chako!"

Rita akaondoka akipiga kengele bila sababu. Siku mbili tu, halafu Jumamosi!