Nimekataa Kufungua Begi

Leo Jumapili, mwezi wa nane tangu niondoke Kitui.
Nimekataa kupekuliwa, na sijutii.

Mwenye nyumba ninayoipaka chokaa hapa mtaa wa Kuze, pwani, Mzee Shali, alinialika baada ya chakula cha mchana nitazame na jamaa zake filamu ya zamani ya Waingereza, ya wezi na polisi.
Haina rangi. Nadhani pesa ziliwaishia, maana benki na kituo cha polisi vina mlango ule ule!

Katika filamu hiyo, hamali wa bandarini akashukiwa wizi.
Nikasema, "Mnamwonea, si yeye."
Kumbe ndiye! Walinicheka mpaka chai ikamwagika.

Filamu kwisha tu, Faki, mpwa wa mzee, akajipapasa. "Simu yangu haipo!"

Macho yote yakanigeukia mimi, mtu wa bara.

"Kaka, hebu fungua begi," akasema Faki.
"Sifungui. Inspekta wa filamu yenu hakumpekua tajiri hata mmoja. Hapa tuanze na mwenye nyumba."

Nikajua kibarua kimeota nyasi.

Mzee Shali akasimama, akageuza mifuko ya kanzu nje. "Haya Faki, zamu yako."

Ndipo mtu akakumbuka kuipigia ile simu. Akapokea mke wa Faki: "Si umeiacha nyumbani kwenye chaji?"

Faki akaniomba radhi. Kisha, bila haya, akauliza, "Basi begini mna nini?"
"Hayakuhusu."

Nyinyi mngefungua?

Mama, Krismasi nakuja, kazi iwepo isiwepo.