Maji ya Kwao Mama

Tandika nzima walikuwa wananijua kwa maji. Si maji ya madumu, hapana. Maji ya kwenye picha. Nina kaduka ka chumba kimoja, kompyuta, na printa inayonuna kila mvua ikinyesha. Ukutani nimebandika kazi zangu: bibi harusi amesimama kando ya bwawa la kuogelea ambalo hajawahi kulikanyaga, na kijana wa bodaboda anatoka baharini, matone yanamchuruzika kifuani. Siku ile alipiga picha mbele ya shuka langu la kijani, mkavu kama ubao. Watu wakiuliza, "Sista, hapa ni Kigamboni?" mie nacheka tu. Nisidanganye, nilikuwa najiona.

Mama alikuwa akizisikia sifa zangu anatingisha kichwa. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

"Mama, mie ndiyo kazi yangu, kutia maji."

Anacheka mpaka anashika ubavu.

Nilimhamishia kwangu alipovunjika nyonga hapa hapa mjini. Kwao ni kusini, kando ya Ziwa Nyasa, na daktari alisema asikae kitako muda mrefu, kwa hiyo basi la kutwa nzima, halafu uunganishe tena gari la kushuka ziwani, lilikuwa jambo la kusahau. Akabaki Dar es Salaam, na kazi aliyojichagulia ikawa kichwa changu. Kila Jumamosi asubuhi, mie mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, nakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, ananisuka. Saluni zimejaa mtaani, lakini mikono kama ile ningeipata wapi? Alikuwa anasuka huku ananisimulia ya ziwani, na hadithi zote zilianza na mdogo wake, mama yangu mdogo: jinsi alivyokuwa mbishi, jinsi alivyomwangusha mama majini na ndoo yake, jinsi walivyorudi nyumbani wameloa na kuchapwa wote wawili.

Mama mdogo alifariki siku ya Jumanne, kwa homa ya siku tatu. Jumatano wakamzika.

Binti yake alitupigia simu akaiweka sauti kubwa ili mama asikie mazishi. Mama alijifunga kanga, akakaa na simu mapajani. Tukasikia sala. Tukasikia udongo. Halafu wanawake wakaanza kuimba, wanateremka ziwani. Kwa ukoo wa mama, mkishazika, wanawake mnaingia majini mpaka magotini, mnanawa mikono na uso, na hapo ndipo mnamwachia marehemu aende zake. Ambaye hajanawa bado ana msiba mikononi. Hamshiki mtu kichwa. Basi tulisikia wimbo unaanza, na miguu ikikanyaga kokoto, na simu ikakata. Chaji ilikuwa imekwisha. Nilipiga, nikapiga tena, haipatikani. Mama alinirudishia simu.

Jumamosi yake nikakaa kwenye mkeka na chanuo langu. Mama akaificha mikono kwapani.

"Sijanawa, mwanangu."

Mie na akili zangu za mjini, nikaenda nikajaza beseni maji ya bomba, nikamletea. Weee! Alinitazama jicho moja hilo.

"Unataka nimnawie mdogo wangu kwenye beseni, kama naosha sufuria?"

Nikalirudisha beseni uani, nimenywea.

Wiki zikapita. Saluni sikwenda, nilijifunga kilemba tu. Ningeketi vipi kwenye kiti cha mtu mwingine wakati mama yuko nyumbani amekunja mikono? Chakula alikula kidogo, hadithi aliacha. Niliogopa, nasema ukweli. Niliogopa kwamba atakufa na mikono yake imekunjwa hivyo hivyo.

Halafu asubuhi moja akaja dukani na mkongojo wake, pole pole, akasimama mbele ya ule ukuta wangu wa mbwembwe. Akamwangalia bibi harusi, akamwangalia wa bodaboda.

"Wewe si unawatia watu majini? Nitie na mie. Na mdogo wangu. Tuwe ziwani kwetu."

Nikaona, hii ndogo! Nilikuwa na picha ya mama mdogo ya kwenye simu, amejifunga kanga kifuani, anacheka uani kwake. Mama nikampiga picha palepale mlangoni. Nikawakata wote wawili, nikawasimamisha kwenye maji yangu bora kabisa, ya buluu, yenye povu jeupe. Nikamchapishia saizi kubwa. Nilingoja sifa.

Mama aliishika ile picha mbali na macho. "Haya maji ya chumvi."

"Mama, maji ni maji."

"Kha! Huyu mtoto. Hili povu linatoka wapi? Sie kwetu asubuhi ziwa limetulia, unaona mpaka kokoto. Hapa umetupeleka Kigamboni."

Na kweli ilikuwa ni Kigamboni. Mie nimekulia huku, maji makubwa ninayoyajua ni ya bahari tu. Ziwa la kwao mama nimeliona mara mbili, nikiwa mdogo. Nikamwomba yule binamu yangu, binti wa marehemu, anitumie picha ya pale wanapochotea maji, akaituma. Nikaanza upya.

Kwa asiyejua, picha kama hizi hupangwa kama karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga, moja juu ya nyingine. Sie tunaziita leya. Ziwa leya yake, mama leya yake, mama mdogo leya yake. Na vile vivuli vyao majini, nilichukua sura ya kila mmoja, nikaipindua kichwa chini, nikaiweka chini ya magoti yake kwenye leya nyingine. Mama akaikataa tena.

"Kivuli hakitikisiki. Haya maji au kioo cha kabati?"

Nikavivunjavunja vile vivuli kwa brashi, nikavififisha, nikavipitishia viwimbi. Nilikesha? Sikukesha, lakini wateja walikaa kwenye benchi wakasonya. Ya tatu ilipotoka kwenye printa nilijua nimeweza. Niliipeleka nyumbani Jumapili baada ya kanisa, nikaiegemeza ukutani juu ya kigoda pale uani, mama akaivutia kiti. Akaitazama muda mrefu sana.

"Mdogo wangu hajalowa," alisema.

"Mama jamani! Si yuko ndani ya maji mpaka magotini?"

"Yuko ndani ya maji na kanga kavu. Umemsimamisha kama mzimu." Sauti ikaanza kumkatika. "Kanga ukiingia nayo majini haiwi kavu pale maji yanapoishia. Maji yanapanda. Yanaipanda kanga kidogo kidogo, inakuwa nyeusi, inakung'ang'ania mapaja. Wewe hujawahi kuteka maji ziwani, ndiyo maana."

Nikashikwa na hasira, hasira ya fundi anayekosolewa na mtu mwenye haki. Nikaingia ndani, nikatoka na lile beseni. Nikalijaza mpaka juu, nikaliweka kwenye jua mbele ya kiti chake, nikashika simu.

"Haya. Simama humu nione maji yanavyopanda. Si kunawa, mama. Nataka kuona kanga tu, niipige picha, nikaige."

Nilidhani atanifukuza. Akanyoosha mkono, akashika bega langu, akaingiza mguu mmoja, halafu wa pili, taratibu, na uzito wake wote ukanijia mie. Kanga ikagusa maji. Tukainamisha vichwa wote wawili, tukatazama. Maji yakapanda kweli, kama alivyosema, yana upindo wa weusi usionyooka, yakipita kwenye maua ya kanga, yakipita kwenye yale maandishi. Nikasahau kupiga.

"Ndivyo ilivyokuwa," mama alisema. "Ndivyo ilivyokuwa inatupanda."

Akaomba kukaa. Nikamkalisha kwenye kiti, miguu bado imo kwenye beseni. Mama mdogo alikuwa mbele yake pale kwenye kigoda, anacheka. Mama akaanza kuimba, kwa sauti ndogo, ule wimbo uliokatika kwenye simu. Mie naujua mwanzo wake tu, lakini yeye aliendelea, ubeti baada ya ubeti, akainama akaingiza mikono yote miwili majini mpaka kwenye viwiko. Alinawa kidole kimoja kimoja. Akajimwagia uso. Alilia kwa sauti, kilio ambacho nilikuwa nimekingoja tangu ile Jumatano, na mie nikapiga magoti kwenye ile sakafu iliyolowa nikalia naye. Jirani alichungulia ukutani, akaona, akarudi kimya.

Alipomaliza alijipangusa kwa upindo wa kanga. Akaielekeza kidevu ile picha.

"Sasa mtoe."

"Nimtoe nani?"

"Mdogo wangu. Nimeshanawa. Mtu akishanawiwa hazuiliwi, mwache aende. Nibakishe mie peke yangu."

Iliniuma. Wiki tatu nimemhangaikia mama mdogo mpaka kope zake nazijua. Lakini Jumatatu niliketi dukani, nikailowesha kwanza kanga ya mama, nikaifanya nyeusi ikipanda vile nilivyoona, haina mstari ulionyooka. Kisha nikaishika leya ya mama mdogo, nikasema, "Mama mdogo, nisamehe," nikaifuta. Machozi yananitoka, na mteja yuko pale anataka picha ya paspoti. Nikachapisha bila kuangalia vizuri, nikakimbia nyumbani.

Mama aliishika. Akaigusa ile kanga ya kwenye picha kwa kidole, akageuza kidole akakitazama, utadhani kimelowa. "Hapa sasa umejua kazi," alisema. Tangu nilifungue lile duka hajawahi kuniambia hivyo. Halafu akaisogeza picha karibu na macho.

"Na huyu?"

Nikainama. Mama amesimama peke yake ziwani, na pembeni yake majini kuna kivuli cha mtu mwingine, kimevunjikavunjika na viwimbi, kanga kifuani, meno yanaonekana kidogo. Nilikuwa nimemfuta mama mdogo na kusahau kivuli chake. Kilikuwa kwenye leya yake chenyewe.

"Loh! Mama, nisamehe. Lete, naenda kukitoa sasa hivi, dakika moja tu."

"Usiguse." Akaivuta picha kifuani. "Yeye amekwenda. Hiki kibaki na mie."

Akaiegemeza kwenye kigoda pale pale uani. Akakunjua mkeka kwa ncha ya mkongojo, akaketi kwenye kiti nyuma yake, akanipigia goti lake kunionyesha nikae.

"Lete chanuo. Na hicho kilemba vua, umekuwa kama mwehu."

Nikakaa. Vidole vyake viliingia kwenye nywele zangu, vina nguvu kama zamani, vikavuta mpaka nikapiga kelele, naye akanigonga begani kwa chanuo, akaniambia nitulie, halafu akaanza kunisimulia siku waliyoangushana majini na ndoo.