Marando ya Mama Mwaija

Nilipoolewa Kwedizinga nilitoka kwetu Mombo na furushi la marando ya viazi vitamu, zawadi kwa mama mkwe wangu, Mama Mwaija. Kiherehere changu! Yeye alikuwa na marando yake, aliyoachiwa na marehemu mama yake, na miaka arobaini hakuwahi kupanda mengine. Lakini zawadi ya mkamwana hairudishwi. Akayapanda tuta la kwanza, kando ya yake, na kila mgeni akaonyeshwa: "Haya kaniletea mwanangu Maryamu."

Msimu wa pili viazi vyake vikadumaa. Majani yakawa madogo, ya njano, yamejikunja. Yangu yalikuwa na manjano kidogo tu, yanatambaa bila aibu.

Bibi shamba wetu, Grasiana, alikuja akachuchumaa kati ya matuta.

"Mama, hapa vimekutana virusi viwili, vya familia mbalimbali. Cha kwanza kimo ndani ya marando yako miaka yote. Mmea ulikuwa unakidhibiti: kikitaka kuzaliana, unayakatakata maelekezo yake. Hiki cha pili kina protini inayoiharibu silaha hiyo ya mmea. Sasa kile cha kwanza kinazaliana mara mamia."

"Cha pili kimetoka wapi?"

Grasiana akalitazama tuta langu. "Nzi weupe hukitoa mmea huu wakakipeleka ule…"

Sikungoja amalize. "Ni mimi, mama," nikasema, nikalia kama mtoto.

Mama Mwaija akanifuta uso kwa pindo la kanga yake. "Hukumsikia? Changu kilikuwamo kabla hujazaliwa. Nimewagawia majirani wangapi, na mbona sijalia?"

Tuling'oa yote, yake na yangu, tukayachoma. Siku tatu Mama Mwaija hakula vizuri, nami nikajichukia. Kabla ya moto, Grasiana alikuwa amekata vipande vichache vya marando ya Mama Mwaija akavipeleka kituo cha utafiti. Huko hukuza ncha changa kabisa ya mmea, mahali ambapo virusi huwa havijafika.

Ulipita mwaka na zaidi. Juzi Grasiana akaleta miche sita kwenye vikopo, majani mapana, safi. Mawifi zangu wakanyoosha mikono. Mimi nilisimama nyuma, mikono nimeificha ndani ya kanga.

Mama Mwaija akawapita wote, akaja kuniwekea kikopo cha kwanza kiganjani.

"Ya mama yangu haya," akasema. "Panda wewe."